Furaha katika majaribu: yaliyotupata sisi na mpiga gitaa wetu

  Safari hii zamu ya kuandika imeangukia kwetu sisi wa kwaya. Tumekaa watano tukizunguka simu moja, kila mtu anataka sentensi yake ibaki, kwa hiyo mkikuta maneno yanagombana mtuvumilie.

Kuna swali tunaulizwa sana. Wafanyakazi wa mashirika wanatuuliza, na vijana wenzetu wa Juru na Rubondo wakipita wakati wa mazoezi wanatuuliza pia: nyinyi mnaimba mkiwa mmekula nini? Hiyo furaha mnaitoa wapi? Zamani tulikuwa na jibu jepesi. Tulisema, kasome Yakobo sura ya kwanza, halafu tunarudi kwenye sauti ya pili ambayo huwa haikai sawa. Leo jibu letu limekuwa refu, na aliyelirefusha ni mpiga gitaa wetu. Ametupa ruhusa tusimulie, kwa masharti mawili: jina lake tusilitaje, na tusimfanye aonekane mtakatifu. Hilo la pili halitatushinda.

Aliyewahi kupita kanisani kwetu hapa Nakivale anakumbuka gitaa lake. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za sanduku la mizigo, na nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli alioufumua. Sauti yake si tamu sana, tuseme ukweli, ila inafika mpaka barabarani. Alivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012, vita vilipofika Rutshuru, akiwa na miaka tisa, na mama yake na wadogo zake. Wa mwisho alikuwa bado tumboni. Baba alibaki nyuma na hakuna aliyemsikia tena.

Kesi yao ya kwenda Marekani ilichukua miaka. Wenye kesi mnajua: mahojiano, kusubiri, mahojiano tena, vipimo vya afya ambavyo muda wake ukiisha unarudia. Mwishoni mwa 2024 wakaambiwa wako tayari, wanakwenda Kentucky. Wakahudhuria masomo ya kuwaandaa, wakafundishwa habari za theluji. Mama akaenda Mbarara kwenye mitumba akanunua koti moja zito sana, la yule wa mwisho, kwa sababu ana shida ya kifua. Pesa ya makoti mengine haikutosha.

Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025 tukawaaga. Wali ulikuwepo, na nyama kidogo. Tuliimba mpaka betri ya spika ikaisha, tukaendelea kwa midomo. Wao walikuwa wameshauza mbuzi wanne, baiskeli, magodoro, hata sufuria kubwa. Nyumba waliiachia familia moja iliyotoka Masisi mwezi wa kumi na mbili, watu wanane waliokuwa wanalala chini ya turubai. Na gitaa akatukabidhi sisi. Mzee wa kanisa akalitundika kwenye msumari ukutani, tukapiga makofi, wengine wakalia.

Siku iliyofuata Marekani ikatangaza kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Alhamisi ya wiki hiyo ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: safari haipo tena. Haukusema mpaka lini. Ule mfuko mweupe wa plastiki wa makaratasi ya safari, ambao kila mtu hapa anautambua kwa mbali na kuuonea wivu, ukabaki umening'inia shingoni mwa mama siku nzima. Alisahau kuuvua.

Kurudi kwenye nyumba yao walikataa. Majirani walisema waitake, ni yenu. Mama akasema, "Nitawaambiaje watoto wa mwenzangu watoke? Mimi najua kutoka kulivyo." Wakalala jikoni kwa jirani, watu sita, karibu na mafiga.

Sasa sikilizeni sisi tulifanya nini. Jumamosi tulikwenda kumwona, watu kumi na wawili, na Biblia. Tukamsomea mistari ya mwanzo ya Yakobo, ile inayotaka tuhesabu kuwa ni furaha tukikutwa na majaribu ya namna namna. Mmoja wetu (yuko hapa, anaona aibu, anasema aandikwe) akaongeza kwamba pengine Mungu ameizuia ndege hiyo kwa sababu ingeanguka. Tukaomba kwa sauti kubwa. Hatukuwa tumebeba hata kilo moja ya posho. Tulipomaliza yule ndugu yetu akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Asanteni. Huo mstari nilikuwa nao tayari. Mna kingine?"

Hatukuwa na kingine. Tukaondoka tukisema njiani kwamba imani yake imepoa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa kila mtu. Goma ikaangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Karibu kila mwanakwaya ana mtu huko. Simu zilikuwa haziingii, au zinaingia usiku wa manane kwa sauti ya mtu anayenong'ona. Watu wapya wakawa wanafika kutoka kituo cha Nyakabande kule Kisoro, wamechoka, wana watoto wanaokohoa. Na msisahau chakula. Tangu 2023 tumegawanywa makundi matatu, na kundi la tatu halipati kitu. Familia nyingi za kwaya ziko huko kwenye la tatu, maana eti tuna nguvu za kulima. Kulima wapi, kwenye kijishamba cha hatua thelathini, mvua ikigoma?

Tuliendelea kuimba. Tunakiri kwamba kwa siku zile tuliimba kwa mazoea, kama mtu anayefagia uwanja.

Mwezi wa tatu wakaja wageni. Wageni wakija huku kuna utaratibu, nanyi mnaujua: watoto wanapangwa mstari, akina mama wanaonyesha vikapu, kwaya inaimba. Mpiga gitaa alikuwa amekuja kuteka maji karibu na kanisa, mtu akamtambua, akaambiwa achukue gitaa lake apige kidogo. Akasema, "Leo sina wimbo." Akabembelezwa. Akabeba jerikani lake akaenda. Sisi tukaimba bila gitaa, tukacheza, tukatabasamu, simu zikatupiga picha. Mgeni mmoja akasema hajawahi kuona watu wenye furaha kama sisi. Tulifurahi kusikia hivyo. Baadaye kidogo, kwenye mkutano mwingine ambao wawili wetu walihudhuria, tuliposema habari ya chakula, mtu akajibu kwamba wakimbizi wamezoea, mbona wanaimba.

Hapo ndipo tulipoanza kushtuka. Kumbe furaha yetu inaweza kuchukuliwa ikawa ushahidi dhidi yetu.

Jumapili mzee wa kanisa, bila kuambiwa chochote, akasoma Zaburi ya 137. Ni ile ya watu waliopelekwa utumwani Babeli, wakatundika vinubi vyao kwenye miti, na waliowateka ndio wakawa wanawaomba nyimbo za furaha za kwao. Watu wote kanisani wakageuka wakatazama ule msumari na gitaa. Sisi tulikuwa tumesoma zaburi hiyo mara nyingi, na mara zote tulijiona ndani yake kama watu wa Babeli, basi. Siku hiyo tukaona kwamba mwenzetu ndiye aliyefanya kama watu wa zaburi. Na zaburi hiyo imo ndani ya Biblia. Hakuna aliyeitoa eti kwa sababu waimbaji walikataa kuimba.

Jioni tukakaa kwenye benchi la mazoezi, tukarudi kwa Yakobo, safari hii tukasoma barua nzima. Ni fupi, sura tano tu, unaimaliza kabla maharage hayajaiva. Ajabu ni kwamba hatukuwahi kuimaliza kwa kikao kimoja. Jambo la kwanza: barua yenyewe imeandikwa kwa watu waliotawanyika. Iko hapohapo kwenye salamu, kabla ya habari za furaha. Yakobo hakuwaandikia watu waliokaa kwao. Kwa hiyo neno lake ni letu, hatujaliazima kwa mtu.

Jambo la pili likatuumiza. Katika sura ya pili anasimulia ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, na mtu anamwambia aende salama, akaote moto, akashibe, lakini hampi kitu. Yakobo anauliza hiyo inafaa nini. Tulinyamaza. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Jamani, hao ni sisi." Mkono uleule ulioandika habari ya furaha uliandika na hiyo, na sisi tulikuwa tumesimama kwenye sura ya kwanza tukaona inatosha.

Halafu sura ya tano. Huko anasema mwenye mateso aombe, na mwenye moyo mchangamfu aimbe. Amewatenganisha! Hakusema mwenye mateso alazimishwe kushika sauti ya tatu. Kwa watu wa kwaya hili si jambo dogo, kwa sababu tulikuwa na tabia ya kumfuata kila anayeacha mazoezi na kumhesabia kama ameanguka.

Mweka hazina wetu, ambaye pia anatunza vitabu vya kikundi cha akiba, ndiye aliyetufungulia lile neno la kwanza. Katika Biblia yetu ya Kiswahili Yakobo ametumia neno hesabu. Yeye akasema, "Mimi kazi yangu ni hesabu. Huwezi kuanza na faida. Unaandika kwanza kilichotoka, chote, hata kile cha aibu. Ukificha deni ili kitabu kipendeze, mwisho wa mwaka wanachama watakupiga." Basi tukafungua daftari la nyimbo kwa nyuma, tukaandika. Mbuzi wanne. Nyumba. Miaka kumi na miwili ya kusubiri. Baba. Mjomba wa mmoja wetu aliyebaki Goma ambaye simu yake haiiti. Chakula. Mwenzetu aliyefeli shule kwa sababu ya kwenda kulima kwa watu. Tuliandika mpaka giza likaingia, na baadhi yetu hatukuwa tumewahi kusema mambo hayo kwa sauti, maana tulidhani Mkristo mwenye furaha hayasemi. Upande wa kilichoingia tuliandika vitu vichache siku hiyo. Tuko hai. Tuko pamoja. Kristo naye alikimbizwa akiwa mtoto, akapelekwa Misri usiku. Tukaishia hapo, hatukutaka kujaza ukurasa ili mradi ujae.

Asubuhi yake tukaenda tena kwa ndugu yetu, na Biblia tukaiacha nyumbani. Tukamwomba msamaha. Alicheka kidogo kwa pua, akasema hana kinyongo ila ana njaa. Kiongozi wetu wa kwaya, mwanamke ambaye sote tunamwita Yaya hata waliomzidi umri, alikuwa ameshaongea na mume wake: watakata kona ya kiwanja chao, hatua kumi na mbili kwa nane, wajenge hapo. Miti ya mikaratusi tukainunua kwa pesa ya sare. Tulikuwa tunaweka akiba ya sare mpya tangu Krismasi. Tunawaambia hivi ili mjue kwa nini Pasaka mlituona na vitambaa vilevile vya kijani vilivyopauka.

Kujenga nyumba ya miti na udongo kila mtu hapa anakujua, hatutawachosha. Ila siku ya kukandika lazima tuisimulie. Shimo la udongo lilikuwa tayari, maji yameshamwagwa, watu kumi wanakanyaga kwa miguu, jua linachoma kama la mwezi wa saba. Mama wa mpiga gitaa alikuwa anakanyaga pia, kimya, kama alivyokuwa kimya tangu Januari. Mara tukamwona yule mdogo wa mwisho, miaka kumi na miwili, anakuja na jerikani kichwani. Amevaa lile koti la Kentucky. Zipu imefungwa mpaka kidevuni, kofia yenye manyoya iko kichwani chini ya jerikani, jasho linamtiririka kama bomba.

Kaka yake akamwuliza, "Wewe, unaumwa?"

Mtoto akajibu kwa uzito kabisa, "Hapana. Nalizoesha koti. Nikilitunza tu litasahau kazi."

Wapendwa, mama alikaa chini ndani ya udongo akacheka. Alicheka mpaka tukaogopa. Halafu mpiga gitaa akaanza, akashika nguzo ili asianguke, kisha wote, hata yule mwenye ndege ya kuanguka. Majirani walitoka wakaona watu wazima wamejaa tope wanalia kwa kicheko, na mtoto katikati amevaa nguo za theluji anauliza tumecheka nini. Hakuna tatizo lililokuwa limetatuliwa. Safari ilikuwa bado imefungwa, chakula kilikuwa hakijarudi, na nyumba ilikuwa haina paa. Lakini kama mtu akituuliza leo furaha katika majaribu inafananaje, sisi tunaiona siku hiyo na koti lile. Hatukuitengeneza. Ilitukuta tumeinama, tunakanyaga udongo wa mtu mwingine. Jioni yake tulipofungua daftari, mweka hazina aliandika koti upande wa kilichoingia. Bado tunabishana kama ni halali, maana lilinunuliwa.

Neno kidogo kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Hatuwaandikii kwa hasira. Tunajua wengi wenu mlipoteza kazi miezi ileile pesa za misaada ziliposimamishwa, tuliwaona mkirudisha vizibao, wengine mkituaga kwa machozi kama sisi tulivyowaaga wenzetu. Paulo alipoandika barua kwa Wafilipi, barua iliyojaa neno furaha, alikuwa kifungoni. Aliyempelekea msaada alikuwa Epafrodito, na huyo Epafrodito aliugua kazini karibu kufa. Paulo hakumficha, alimwandika. Kwa hiyo hata mpeleka msaada ana sehemu yake katika barua ya furaha, na ugonjwa wake unahesabiwa. Tunachowaomba ni kimoja: mkitupiga picha tukiimba, andikeni na chini yake kwamba kundi la tatu halipati chakula. Vyote viwili ni kweli. Tunaimba, na tuna njaa. Na siku mtu akisema hana wimbo, mwacheni apite na maji yake.

Kwa vijana wenzetu ambao kesi zimesimama: hatuna habari mpya, na atakayewaambia anajua tarehe mumwogope, hasa akitaka pesa. Mkitaka kulia njooni mlie kwetu, benchi ni refu. Kuimba si lazima.

Mnataka kujua kama alirudi. Kabla ya Pasaka, watoto wa familia moja iliyotoka Goma wakawa wanashinda kanisani, kwa sababu pana kivuli. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na minne ambaye alikuwa hasemi na mtu, alilishusha gitaa kutoka kwenye msumari bila ruhusa akawa analipapasa kila siku. Hajui kitu. Nyuzi zilikuwa zimelegea na yeye anazivuta tu, sauti kama paka kwenye bati. Tulimwacha. Nyumba mpya ya mpiga gitaa iko karibu na kanisa, ukuta kwa ukuta karibu, na alivumilia siku tatu. Siku ya nne, Jumatano, katikati ya mazoezi, aliingia na koleo mkononi amenuna, akamwambia yule kijana, "Lete hapa, unanitesa." Akakaa chini akaanza kuzikaza moja moja. Kijana akachuchumaa mbele yake akitazama vidole. Hakuna mtu kwetu aliyethubutu kusema haleluya.

Tarehe 20 Aprili, siku ya Pasaka, walipiga wawili kwa zamu, kijana nyimbo rahisi na yeye zile ngumu. Wimbo wetu mmoja wa furaha, ule tuliouimba Januari tukiwaaga, mpaka leo hataki kuupiga, na tumeutoa kwenye orodha mpaka atakaposema mwenyewe. Nyumba imepata mabati sita, bado matano. Yule mdogo koti limeanza kumbana mabegani.

Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, mlango wa nyuma. Mwenye waya wa breki ambao hautumii atuletee, tunahitaji nyuzi za gitaa la pili.